Mto Mkosaji

Mahasidi hudai ya kuwa kwetu hakuna anayeadhibiwa kwa kuharibu kazi, nayo ni buhtani tupu, kwani Mto Tana umekwisha kutiwa hatiani mara tatu, bila ya kupewa hata nafasi ya kujitetea. Wafungwa 11 walipofariki kambini Hola, kando ya mto huo, tarehe 3 Machi 1959, taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni iliyataja maji waliyokunywa, maji ya ajabu yenye kuacha majeraha ya rungu. Na mkuu wa kambi, kwa vile yeye hakuwa maji, akastaafu na kiinua mgongo chake. Mwaka 1989 mto ukahama njia, ukaziacha pampu za mashamba ya pamba ya Hola zikitazamana na mchanga, na lawama ikawa ya mto. Kisha mafuriko ya El Niño ya 1997 yakabomoa matuta ya mradi wa mpunga karibu na Garsen, mahali ambapo Wapokomo, kwa ujahili wao, walikuwa wakipanda mpunga kwa kuyafuata mafuriko tangu enzi za mababu.

Wakubwa wa miradi hiyo, wao ni waja, na mja hakamiliki. Bahati mbaya ni kudura, na kudura haiandikiwi barua ya onyo. Ama bawabu akisinzia langoni, huyo hufukuzwa kabla ya alfajiri, kwani usingizi wa maskini haumo katika kudura.

Nashauri basi Tana uachishwe kazi bila ya mafao, na nafasi yake itangazwe magazetini, upatikane mto mtiifu, wenye shahada, usiofurika pasi na idhini ya mkubwa wake.