Kiti cha Mjomba

Trekta kuukuu ikifa injini, ukoo mzima huitwa. Ng'ombe huuzwa, michango hupitishwa, na fundi hupewa kitanda cha mgeni mpaka moshi utoke tena. Kikivunjika kiti, dereva huambiwa atafute gunia. Nimepita mashamba mengi kati ya Kitale na Bungoma, na trekta za umri wa wazee ninazozikuta zikilima huwa na pampu mpya, mipira mipya, wakati mwingine hata rangi mpya, lakini dereva amekalia gunia la mahindi lililokunjwa mara nne.

Ya mjomba, kule upande wa Chwele, ni Massey Ferguson 35. Aina hiyo iliundwa Coventry, Uingereza, na mwaka 1964 ikampisha mdogo wake, 135. Mwaka huohuo ndipo Kitale ilipowatolea wakulima mahindi chotara ya 611, kwa hiyo chuma hiki kina haki ya kuamkiwa shikamoo na mbegu kinayoilimia. Babu alikinunua kwa mlowezi aliyekuwa akifunga virago baada ya uhuru. Tangu hapo kimebadilishwa karibu kila kitu isipokuwa kiti, nacho kilikuwa bakuli la chuma lililofinyangwa kwa umbo la makalio ya mtu fulani. Ya nani, sijui. Hakika si ya mjomba.

Bakuli hilo lilikuwa na ufa kutoka ukingoni hadi katikati, na ufa ulikuwa unabana. Mjomba alishazoea. Aliyechoka ni mkaza mjomba, ambaye kila msimu wa kulima alikuwa akishona viraka vya suruali mahali palepale, mpaka suruali zikawa na viraka vyenye viraka. Januari moja akatangaza kwamba hashoni tena, na kwa kuwa mimi nilikuwa Kitale kwa shughuli zangu, nikapigiwa simu nilete kiti.

Kitale ukitaka spea ya trekta huulizi kama ipo. Wewe ndiye unayeulizwa: unataka ya asili, ya India, au ile inayofanana? Nikaonyeshwa kiti cha sponji, kimevishwa plastiki nyeusi, kina mgongo, kina mabawa mawili ya kuegemeza mikono, na chini yake springi ya kunyonya mitikisiko. Muuzaji akaniapia kwamba kinaingia trekta yoyote. Kauli hiyo hunitia wasiwasi hata kwenye viatu, maana kitu kinachoingia kila mahali hakikupimwa popote, lakini mpango wa mkaza mjomba haukuwa na nafasi ya falsafa. Nikalipa.

Steji, makanga alikitazama kiti, akanitazama mimi, kisha akasema mzigo huo unachukua nafasi ya mtu, kwa hiyo utalipa nauli ya mtu. Nikamjibu kwamba kama kinalipa kama mtu, basi kitakaa kama mtu. Akakubali. Tukatoka Kitale kiti kimeketi juu ya kiti, karibu na dirisha, kinatazama mashamba.

Raha hiyo iliishia Kiminini. Akapanda mama mmoja mwenye kuku wawili, gari limejaa. Makanga akakinyanyua kiti changu, akakiteremsha kwenye ujia, pale ambapo kwa kawaida huwekwa ule ubao wa sambaza wa kukalia abiria wa ziada. "Karibu mama, hiki bado kipya kabisa." Mama akaketi, akajiegemeza, akaweka mikono juu ya mabawa, akasema tangu azaliwe hajasafiri vizuri namna hii. Sisi tuliokuwa kwenye viti vya matatu, ambavyo sponji yake iliisha zamani, tulimtazama kwa husuda. Akatozwa nauli kamili. Tulipofika Kamukuywa, ile nafasi ya dirishani niliyoilipia akapewa mwalimu, naye akalipa. Makanga wetu alikuwa ameuza nafasi moja mara mbili na kiti cha mwenyewe mara moja, na kalamu hakuwa nayo.

Sasa, sheria za marehemu waziri Michuki zilipoanza kutumika mwaka 2004, zilitaka matatu kama hii ibebe abiria 14, kila mmoja na kiti chake na mkanda wake. Kabla ya Webuye tukapungiwa mkono. Afisa akachungulia, akahesabu, akakuna kichwa, akahesabu upya.

"Huyu mama amekalia nini?"

"Kiti, afande," tukajibu gari zima.

Hakuna aliyesema uongo. Afisa akainama, akaisoma bei iliyokuwa bado inaning'inia, akaushika mgongo wa kiti na kuutikisa kama anunuaye. Kisha akauliza mkanda uko wapi. Mama akainua kamba ya katani niliyofungiwa nayo kiti dukani: "Huu hapa, mwanangu." Afisa akageuka upande wa barabara. Nadhani alikuwa anacheka, maana mabega yake yalicheza. Tukaachiliwa.

Nilipoteremka Kanduyi, mama hakutaka kusimama. Alitaka kwanza kujua nakiuza bei gani.

Kufunga kiti kulitarajiwa kuwa kazi ya asubuhi. Bolti za zamani zilikuwa zimeolewa na kutu na hazikutaka talaka. Zikalowekwa dizeli usiku kucha, zikagongwa nyundo, zikabembelezwa, na moja ikaona afadhali ikatike kichwa. Fundi akaitoa kisiki kwa subira ambayo sitaieleza, kwa sababu ilichukua muda mrefu na ilihusisha matusi. Hapo ndipo tukafungua pakiti ya bolti zilizokuja na kiti kipya.

Zilikuwa za milimita 12. Tundu za Coventry ni za nusu inchi. Spana ya 19 inavishika vichwa vya zote mbili bila kulalamika, ndiyo maana hila hii huchelewa kujulikana. Lakini meno hayalingani: bolti mpya iliingia mizunguko michache kwa adabu, kisha ikagoma, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Fundi akasema chuma cha Mwingereza hakijakubali milimita mpaka leo. Akapanda bodaboda hadi soko la Chwele, akarudi na bolti za inchi zilizong'olewa kwenye kinu cha kusagia unga kilichostaafu. Zikaingia zote.

Mjomba akapanda. Akajipangusa kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaegemea, akatutazama sote kutoka juu, na kwa kitambo hakuwasha injini, alikaa tu. Watoto wakapiga makofi. Mkaza mjomba akaenda ndani kuweka sindano mbali.

Kwenye Massey hii, mkono wa kuinulia plau uko kuliani mwa dereva, umegandamana na kiti. Bakuli la zamani halikuwa na mabawa, wala hapakuwa na mgogoro. Kiti kipya kilikuwa nayo, na mtu anayelima kwa trekta hugeuka kulia kila mara kuangalia nyuma kama plau inakwenda sawa. Mjomba akageuka kutazama plau, bawa likausukuma mkono, plau ikapanda hewani. Akarudi mbele, akaishusha. Baada ya hatua kadhaa akageuka tena kuona kama imeshuka kweli. Ikapanda. Alipofika mwisho wa shamba alikuwa amelima vipande vipande, udongo mweusi, nyasi, udongo, nyasi, mstari wa nukta kutoka mwembeni hadi kwenye uzio. Jirani akaja mbio kuuliza kama ndiyo ile mbinu mpya ya kuhifadhi udongo, na kama serikali inalipa.

Ilibidi bawa la kulia likatwe. Mjomba hakuweza kutazama. Alisimama ametupa mgongo huku grenda ikilia, akiuliza kila baada ya muda kama tumefika kwenye sponji. Siku hizi kiti kina mkono mmoja, plau inatii, na mjomba hulima ameinamia kushoto kidogo, kwa sababu ndiko kulikobaki pa kuegemea.

Lile bakuli la zamani tulilichomelea juu ya bomba, likawa kigoda chini ya mwembe. Siku ile fundi akiwa anamalizia, nikamsimulia kwamba ndugu wawili wa Kiitaliano, Achille na Pier Giacomo Castiglioni, mwaka 1957 walibuni kigoda cha namna hiyohiyo: kiti cha chuma cha trekta juu ya mguu wa chuma, na ubao chini wa kukizuia kisipinduke. Kinauzwa mpaka leo kwa watu wa sebule za Ulaya wasiowahi kuigusa plau, na bei yake huwezi kuitaja mbele ya mkulima.

Fundi akaivua miwani ya kuchomelea. Akakizunguka kigoda, akakipiga teke la kupima, akauliza kama hao Waitaliano huwa wanatia rangi. Nikasema ndiyo.

"Basi bosi," akasema, "ile bei tuliyopatana asubuhi ilikuwa ya kigoda cha Chwele."