Heko kwa Anayekata Kulia

Jijini Dar es Salaam, pale ambapo Barabara ya Mwai Kibaki ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, jioni hutokea bwana mmoja anayestahili nishani. Husimama katikati, indiketa ya kulia ikiwaka na kuzima, akingoja kuingia getini kwake. Nyuma yake daladala, bajaji, gari la wagonjwa na V8 ya mheshimiwa vyote vimetulia. Ni wapi tena mkubwa na mdogo hupewa huduma sawa hivi?

Wenye wivu husema angeenda mbele akageuzie penye nafasi, kisha arudi aingie kwa kushoto bila kumzuia mtu. Apoteze dakika zake? Za walio nyuma zipo tele.

Ustadi wake hukamilika akipata mwenzake. Yeye anaelekea Kawe. Mwenzake anatoka huko, keshampita kidogo, naye anataka kukata kulia. Foleni iliyo nyuma ya mwenzake imemzibia yeye geti, na foleni iliyo nyuma yake imemzibia mwenzake. Kila mmoja anamsubiri mwenziwe aondoke kwanza. Ingetosha dereva mmoja kuacha upenyo mbele ya geti, lakini nani aache upenyo achomekewe?

Uchumi nao unachangamka: karanga, korosho, maji baridi, chaja za simu. Wasio na subira wanatanua kushoto, na muuza chipsi anapata vumbi bila kulipia. Bodaboda hupendelea kumpita kwa kulia, upande uleule anaokatia, wakafahamiana.

Wataalamu hawampendi. Wanataka kuchora njia ya tatu katikati, ya kusubiria, au kupiga marufuku kukata kulia saa za msongamano. Marekani, ambako huendesha upande wa kulia, kampuni ya UPS huwapangia madereva wake njia za kukwepa kukata kushoto, eti kuokoa mafuta. Maskini, hawajaonja utamu wa kupigiwa honi na mtaa mzima. Serikali yetu nayo ilifungua daraja la Mfugale pale Tazara mwaka 2018, na la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, ngazi tatu nzima, ili magari yapishane bila kungojana. Bwana wetu hakutishika. Hakuna atakayemjengea daraja la kuingilia getini, na mkabala na nyumba yake inafunguliwa baa ambayo wateja wake wengi watatokea Kawe.