Jinsi ya Kubadili Tairi la Trekta la Babu kwa Siku Moja (au Nne)

Kwanza hakikisha msimu umefika. Tairi la trekta kuukuu halitoboki Agosti, trekta likiwa limelala chini ya mwembe na kuku wakitaga kwenye kiti. Husubiri mvua za kwanza zinyeshe Kiteto, mbegu ziwe zimenunuliwa kwa mkopo, na jirani mwenye trekta jipya awe na foleni ya wateja mpaka Krismasi. Hapo ndipo mwiba wa mgunga, uliokaa ndani ya mpira mwaka mzima bila kusema neno, unapoamua kumalizia safari yake.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, aina iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1964, mwaka wa Muungano. Injini ni Perkins ya silinda tatu, na bado inawaka ukiisukumia mteremkoni huku ukiibembeleza. Tairi za nyuma ni 12.4-28, yaani upana inchi 12.4 na rimu inchi 28. Muuzaji akikwambia ya 30 "itaingia tu bosi", muage kwa heshima.

Sasa tafuta jeki. Jeki ya gari dogo itainama mbele ya trekta kama bwana harusi mbele ya wakwe. Jeki ya lori kijijini anayo mzee mmoja tu, naye ndiye mliyekosana kwa sababu ya mbuzi wako na mihogo yake. Nenda na kilo ya sukari. Anza na hali ya nyumbani, uje kwenye mvua, uombe radhi ya mihogo, na jeki uitaje ukiwa umeshasimama kuaga.

Simamisha trekta mahali tambarare na pagumu, uweke mawe mbele na nyuma ya gurudumu lisiloguswa. Eksel ya mbele inacheza kama mizani ya sokoni, kwa hiyo ipigie kabari pande zote mbili. Legeza nati gurudumu likiwa bado chini. Ziko nane, na saba zitakataa. Zimwagie dizeli ukalale. Siku ya kwanza imekwisha. Kesho yake ichomeke spana kwenye bomba refu, uning'inie. Wazee watano watakuwa wameshafika na viti vyao, na kila mmoja atakuwa aliwahi kuendesha trekta la shamba la serikali. Watatu watasema kaza, wawili watasema legeza. Ukishanyanyua, weka gogo gumu chini ya eksel. Jeki ni ya kunyanyulia. Ya kuaminiwa ni gogo.

Kabla ya kuvua gurudumu kumbuka jambo ambalo babu hakumwambia mtu: alijaza maji ndani ya tairi ili trekta lisiteleze. Tairi hilo huchukua lita mia na zaidi, na lita moja ni kilo moja, basi fanya hesabu kabla ya kulikumbatia. Zungusha valvu iwe chini, uifungue, usimame kando. Mimi sikusimama kando. Maji ya miaka ishirini yana harufu ambayo sabuni ya mche haiitoi siku hiyo hiyo.

Kulivua tairi kwenye rimu ndiko kunakowaumbua wanaume. Mdomo wa tairi umeshagandana na kutu, na wale wazee watakushauri nyundo. Wasikilize, kisha lete maji ya sabuni. Usitumie grisi wala oili, zinakula mpira. Siri yote iko kwenye bonde la katikati ya rimu. Kanyaga mdomo wa tairi uzame bondeni upande mmoja, nao upande wa pili utalegea wenyewe. Kisha ingiza mtaimbo na ule kidogo kidogo, kama anayekula ugali wa moto. Ukijua bonde, watu wawili mnatosha. Usipolijua, vijana sita watatoka jasho na tyubu mpya itatoboka kabla haijaonja shamba.

Pitisha mkono ndani ya tairi polepole kuutafuta mwiba. Ukiupata, mtafute na ndugu yake.

Kwenye kujaza upepo sitanii. Mdomo ukigoma kukaa kwenye rimu, usivuke paundi 35. Toa upepo, paka sabuni tena, anza upya. Tumia mpira mrefu wa kompresa, usimame kando ya tairi, na wale wazee wahame na viti vyao, hata aliye mjomba wako. Tairi linalopasuka kwenye rimu linaua. Likishakaa, punguza: kazini paundi 12 hadi 16 zinatosha.

Mwisho, rudisha gurudumu, kaza nati kwa kupokezana za mkabala, na uzikaze tena baada ya saa ya kwanza ya kulima. Na angalia meno ya tairi: ukisimama nyuma ya trekta, ncha za mishale zielekee juu. Zikielekea chini, tope halitoki, na utateleza mpaka kwa jirani.

Siku ya nne jioni mwenye jeki alikuja kuichukua. Alisimama nyuma ya trekta, akatazama tairi kwa muda, akanipa pole, akaiacha jeki pale pale.