Shikamoo, Marejeleo

Mgeni akishuka Ifakara ataambiwa asifie mchele. Akimaliza mchele atapelekwa darajani kuutazama Mto Kilombero, ataonyeshwa milima ya Udzungwa, na mwenyeji mchangamfu atamsimulia habari za sheshe, swala wa bondeni. Hakuna atakayemkaribisha kuona marejeleo, zile kurasa za mwisho za makala ya kitaalamu zilizojaa majina, miaka na vinukta. Huu ni utovu wa adabu. Bonde hili linazalisha marejeleo tangu miaka ya 1950, Mswisi Rudolf Geigy alipoanzisha maabara iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, na sijasikia hata ngonjera moja ya kuyasifu. Basi leo nayasifu mimi.

Kwanza yanafundisha unyenyekevu. Mtafiti amekesha Lupiro akihesabu mbu, amebishana na takwimu mpaka zikakubali kusema, na sasa anajiona mtu mbele za watu. Yanakuja marejeleo na swali moja tu: baada ya mwaka unaweka nukta mkato au nukta mbili? Shahada ya uzamivu haisaidii kitu hapo.

Chukua Idete, hapa hapa Kilombero. Chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa Colombia na Manuel Patarroyo, ilijaribiwa kwa watoto wa huko, na matokeo yakatoka katika jarida la Lancet mwaka 1994: kinga ya asilimia 31. Ukitaka kuitaja makala hiyo, jarida moja litakudai uandike 344: 1175–81, na nafasi baada ya nukta mbili. La pili linataka 344:1175–81, nafasi marufuku, lakini nukta iwepo baada ya neno Lancet. La tatu linaona 1175–81 ni uvivu. Andika 1175–1181, tena namba ya juzuu ilale kwa herufi za mlazo. Watoto ni wale wale, homa ni ile ile. Chanjo yenyewe haikufika mbali, maana majaribio ya Gambia na Thailand hayakuona kinga. Rejeleo lake bado ni buheri wa afya, na nafasi baada ya nukta mbili bado inakosesha watu usingizi.

Halafu kuna heshima kwa wazee, ambayo kila siku tunalalamika imepotea. Majarida ya kitabibu yanataka jina la mwisho litangulie, mengine yabaki herufi. Waliotunga utaratibu huo walikuwa na majina ya ukoo kichwani mwao. Kwetu wengi, jina la mwisho ni babu. Kwa hiyo binti aliyemaliza miaka minne akichambua mbu anabaki herufi moja. Baba yake, aliyeuza magunia ya mpunga kulipa ada, naye herufi moja. Anayeandikwa mzima ni babu, mkulima wa Mngeta ambaye hakuwahi kuinamia darubini, na wataalamu wa Geneva na London wanamtaja kwa adabu zote: babu amethibitisha hili, babu anatofautiana na wenzake kuhusu lile. Ni mila gani nyingine inampa mzee cheo hicho bila kudai hata kuku?

Programu za kompyuta zimeufikisha ukarimu huu hadi serikalini. Ukiingiza Wizara ya Afya bila kuiambia programu kwamba hiyo ni taasisi, inaichukulia kuwa ni bwana mmoja wa ukoo wa Afya, na kumwandika Afya WY. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inakuwa Takwimu OYTY, bila shaka jirani yake.

Marejeleo yanajua pia kugawa umaarufu. Waandishi wakizidi sita, Lancet hutaja watatu wa kwanza. Mtindo wa Vancouver, kama unavyotumika kwingi, hutaja sita. Waliobaki ni et al., yaani na wenzake. Mtu aliyesimama nafasi ya tano yu hai katika jarida moja na marehemu katika jingine. Wale wanaokaa usiku kucha wamekunja suruali hadi magotini, wakimnasa mbu anapotua mguuni, hata kwenye na wenzake hawafiki. Wao wana aya ya shukrani. Haidaiwi mtindo wowote, na labda ndiyo sababu huandikwa dakika ya mwisho.

Hata ndege hawakusahauliwa. Kwenye matete ya bonde hili anaishi mnana wa Kilombero, ambaye huwezi kumpata pengine popote duniani. Jina lake kamili ni Ploceus burnieri Baker & Baker, 1990, na kila alama hapo ina mahali pake. Siku wataalamu wakimhamishia jenasi nyingine, akina Baker na mwaka wao wataingizwa kwenye mabano, na ndege hatapewa hata taarifa.

Asili ya mambo haya ni tukufu. Mtindo wa kuweka jina na mwaka ndani ya mabano unahesabiwa kuanza 1881, Edward Laurens Mark wa Harvard alipoandika kuhusu mayai ya konokono asiye na gamba. Mtindo wa Vancouver, unaotumia namba, ulitokana na wahariri wachache waliokutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978, wakitaka majarida yao yakubaliane ili mwandishi asipange upya marejeleo kila andiko linapohama. Nia ilikuwa njema sana. Leo hazina ya mitindo inayotumiwa na programu ya Zotero ina mitindo zaidi ya 10,000. Andiko likikataliwa huku, linavuliwa nguo zote na kuvalishwa nyingine kabla ya kubisha hodi kule.

Sasa utani kando kidogo. Wengi wetu tunaokota rejeleo kwenye orodha ya mwenzetu, naye kaliokota kwa mwingine, na katika msururu mzima hakuna aliyeifungua makala yenyewe. Uchambuzi wa takwimu haukulazimishi uifungue. Mkutano wa waandishi wenza ndiyo kabisa. Kinacholazimisha ni namba ya ukurasa iliyokosekana. Saa tano usiku, bando linakaribia kukata, mtu anaitafuta makala kwa ajili ya namba tu, jicho linaangukia muhtasari, na anakuta makala haisemi kile alichoisingizia. Msimamizi hakuona. Wapitiaji wawili hawakuona. Nukta imeona.

Na tangu watu waanze kuziomba mashine za akili mnemba ziwaandalie orodha, kazi hii imekuwa ya mlinzi wa getini. Mashine hizo huweza kukuletea makala yenye waandishi wa kweli, katika jarida la kweli, ambayo haikuandikwa na mtu yeyote. Kichwa kinapendeza, mwaka unaingia akilini. Anayekwenda kutafuta juzuu na ukurasa ndiye anayebaini kwamba hapo hapana kitu. Anayeona kazi hiyo ni ya makarani huitia saini na kuituma.

Kwa hiyo wewe kijana uliyeinamia laptopu hapo Ifakara ukimlaani aliyebuni nukta mkato, mpe shikamoo yake. Rejeleo namba 17 na namba 29 ni makala moja, umeiandika mara mbili. Namba 43 haina ukurasa wa mwisho, na mhariri anataka andiko Ijumaa. Anza na hiyo 43. Ukiipata, kabla hujanakili namba, isome.