Tepu ya Mlangoni

Kwa Kamati ya Maadili ya kanisa letu (jina mnalijua),
Ushirombo.



Waheshimiwa wazee, naandika kuwapongeza. Jumapili iliyopita nilimwona mzee wa kanisa mlangoni na tepu ya fundi cherehani, ile ya njano iliyofutika namba za mwanzo, akipima sketi ya mwanakwaya. Ilipungua vidole viwili. Binti akarudishwa nyumbani kuvaa kitenge, kwaya ikaimba bila sauti ya kwanza, maadili yakapona. Mimi mwanamume nilipita bila kupimwa. Kwa hilo nalo nashukuru.

Ni kweli mji umeharibika. Duara likitema dhahabu huko machimboni, baa zinajaa asubuhi, gesti zinajaa mchana, na vijana wanabeti mikeka hata siku ya Pasaka. Mkristo asiposema, aseme nani? Swali langu ni dogo tu, la mtu wa benchi la nyuma.

Benchi hilo nakaa na bibi mmoja. Macho yake mekundu kwa miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe katika nyumba isiyo na dirisha. Kanga yake inafika kisiginoni. Tepu haijawahi kumkamata. Ila kuna mtu ng'ombe wake wamekufa, akaenda kupiga ramli, akaambiwa mchawi ni mwenye macho mekundu. Tangu siku hiyo bibi analala kwa jirani. Kanisa likifurika hadi watu wakasimama nje dirishani, pembeni yake panabaki nafasi ya watu watatu. Nimesubiri mahubiri juu ya nafasi hiyo. Nimeshasikia manne juu ya mawigi.

Msinielewe vibaya, wigi ni jambo zito. Lakini Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa machozi bungeni, na hakulilia wigi. Alililia watu wenye ualbino waliokuwa wakiuawa kanda yetu hii. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe, wilaya yetu wenyewe. Februari 2015, Chato, mtoto wa umri wa mwaka mmoja aliporwa mikononi mwa mama yake. Viungo vyao vinatafutwa kwa sababu mganga kasema vinaleta dhahabu na utajiri. Huo nao nadhani ni mmomonyoko wa maadili, ingawa haupimiki kwa sentimita.

Mapadre Weupe waliofungua misheni hapa Ushirombo mwaka 1891 walikomboa watumwa kwa mali. Waliuliza bei ya mtu ili wamfungue. Siku hizi bei inaulizwa kwa mganga, kipande kimojakimoja.

Na sisi? Mwezi jana mwenye duara mmoja alileta bahasha nene ya kuezekea kanisa. Machimboni kila mpasua mawe anajua duara lile halishukwi kabla mganga hajalizunguka usiku, na anachoagiza mganga hakisemwi kwa sauti. Hapa kwetu tulimpigia makofi tukiwa tumesimama. Hakuna aliyemuuliza kitu. Suruali yake ilikuwa ndefu.

Basi naomba kuazima tepu Jumamosi moja, nitairudisha kabla ya ibada. Nataka kupima kutoka mlango wa kanisa hadi mlango wa bibi, ili mchungaji akitaka kwenda ajue safari yenyewe. Nilijaribu kwa miguu nikapata hatua mia mbili na kumi, ila mimi ni mfupi.

Wenu katika Bwana,
Mtu wa benchi la nyuma.

N.B. Bibi anawasalimu. Anauliza kama paa jipya litakuwa na tundu la kutolea moshi. Nimemweleza kwamba kanisani hatupiki.