Sifa za Malalamiko Matupu

Wafalme wamesifiwa, majahazi yamesifiwa, hata kahawa ina wasifu wake. Ripoti ya hitilafu iliyoandikwa ovyo ndiyo haijapata malenga. Nazungumzia ile ya maneno mawili, “Haifanyi kazi”, isiyotaja toleo la programu wala kusema mtu alibonyeza nini, iliyoambatanishwa picha ya skrini iliyopigwa kwa simu huku mwanga wa dirisha umefunika palepale penye ujumbe wa kosa. Wanaojitolea kutunza programu huria huisoma usiku, baada ya kazi zinazowalipa, na hawakosi silaha za kuizika. Bugzilla, mfumo uliozaliwa mwaka 1998 katika mradi wa Mozilla, una mihuri ya kuifunga ripoti kwamba ni batili, ni marudio, haitarekebishwa, na ule mtamu kuliko yote: kwangu mimi inafanya kazi. Mwaka 1999 Simon Tatham, mwandishi wa PuTTY, alitoa mwongozo wa namna ya kuripoti hitilafu vizuri. Umesomwa na wengi, isipokuwa wale uliowakusudia.

Fadhila kuu ya ripoti hii ni ujinga wake, na hapo sitanii sana. Mtaalamu anaporipoti huwa amekwisha kuchuja: ameacha analoliona halina maana, ametanguliza analolishuku, na mtunzaji anapokea dhana iliyovishwa nguo za ushahidi. Asiyejua hana chujio. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watunzaji wa Ubuntu waliwahi kupelekewa shauri la mke wa mtumiaji mmoja, aliyelalamika kwamba OpenOffice haichapishi kamwe siku za Jumanne. Fundi mwenye kulinda heshima yake angeifuta hiyo Jumanne kabla ya kuandika lolote. Kompyuta haina gulio wala siku ya mkosi. Kumbe Jumanne ndiyo ugonjwa wenyewe. Faili lililokwenda kwenye printa lilibeba tarehe ya kutengenezwa kwake, na siku hiyo tarehe ilianza na herufi Tue, kifupi cha Jumanne kwa Kiingereza. Programu ndogo ya kutambua aina za mafaili ilikuwa na kanuni iliyoandikwa vibaya: ikizikuta herufi hizo tatu mahali fulani, inahukumu kwamba hili ni faili la lugha ya Erlang, si la kuchapishwa. Jumatano ikifika, printa inarudiwa na afya yake. Hakuna msomi ambaye angeibuni dhana hiyo akiwa amekaa kitini; alihitajika mtu asiyeona haya kusema jambo la kipuuzi kwa sababu limemtokea.

Udogo wa lalamiko nao usidharauliwe. Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, aliona kuingia kwenye kompyuta kwa ssh kunachelewa takriban nusu sekunde zaidi. Alipoifuatilia nusu sekunde hiyo alifika kwenye mlango wa siri uliopandikizwa katika xz, programu ya kubana data, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ambayo yalikwisha kuingia katika matawi ya majaribio ya Debian na Fedora. Freund si mjinga, na taarifa aliyoitoa ilikuwa ya kitaalamu, ila ilichipuka kutoka katika “mbona inachelewa?”, swali ambalo kila siku hupigwa muhuri wa batili.

Mpinzani makini atanibana kwa kisa hichohicho, na ana haki. Kabla ya mlango kupandikizwa, mtunzaji wa xz, aliyekuwa karibu peke yake na amechoka, alisongwa na malalamiko kwamba kazi inakwenda polepole na kwamba akabidhi usukani kwa mwingine. Majina ya walalamikaji hao baadaye yalishukiwa kuwa ya bandia. Je, si manung'uniko yaliyofungua njia? Ndiyo, ila yatazame vizuri. Yalidai mtu abadilishwe. Hayakuonyesha kitu kilichovunjika. “Haifanyi kazi” yetu, pamoja na umaskini wake wote, humwacha mtunzaji mahali pake na kumwonyesha programu.

Kuna pingamizi la uchovu pia, na silifanyii dhihaka: saa za mtu anayejitolea hazirudi. Lakini mwizi mkubwa wa saa hizo siku hizi anaandika vizuri mno. Mwaka 2025 Daniel Stenberg, mtunzaji wa curl, alilalamika hadharani juu ya ripoti za usalama zilizotungwa kwa akili mnemba: ndefu, zenye vichwa vya habari na adabu kamili, zinazoeleza udhaifu usiokuwepo. Kila kilichoombwa na mwongozo kimo, ila hakuna aliyeumia. Ukilinganisha na hizo, picha yenye mwanga wa dirisha inaanza kupendeza. Angalau kuna dirisha, na mtu aliyekaa karibu nalo akiwa na hasira. Marudio yake hayaniudhi hata kidogo, kwa kuwa ripoti ya arobaini ya jambo moja humwambia mtunzaji aanze na lipi. Na mlalamikaji wetu akiulizwa “toleo gani?”, mara nyingi hajibu tena. Hata hapo ametoa habari: huenda amekwisha kuhamia programu nyingine.