Usimtajie -j4

Ainabkoi, usiku wa manane. Upepo wa Timboroa unapenya chini ya mlango. Kijana amelala kichwa mezani. Paka amejikunja juu ya kipakatalishi.

PAKA: Mzee, mbona umepoa?

KIPAKATALISHI: Nimekataa kazi. Kijana kaniletea msimbo wa programu ya kuhesabu maziwa, niujenge mwenyewe. Unadai C++17. Kompaila ninayoikuta ni GCC 4.8, ya mwaka 2013. Haijawahi kusikia habari hizo.

PAKA: Si alishusha mpya juzi? Bando ya mamake iliishia hapo.

KIPAKATALISHI: Mpya ipo, imekaa /usr/bin. Hii kuukuu aliijenga mwenyewe zamani, ikajiweka /usr/local/bin. Kwenye PATH yake, ile orodha ya folda ninamotafuta programu, hiyo ndiyo ilikuwa inatangulia, nami huchukua g++ ninayoikuta kwanza.

PAKA: Hata ukijua ya pili ndiyo inayofaa?

KIPAKATALISHI: Sikuulizwa inayofaa. Niliulizwa g++.

PAKA: Ungepata kazi serikalini.

KIPAKATALISHI: Nilimweleza! Hitilafu ya kwanza kabisa ilitaja C++17 waziwazi. Yeye husoma mstari wa mwisho tu, ule wa kusema imeshindikana, halafu anarudia amri ileile kwa hasira.

PAKA: Lakini PATH aliirekebisha. Nilikuwepo, nimekalia kibodi.

KIPAKATALISHI: Aliirekebisha akiwa amechelewa. CMake, ile inayoniandalia ujenzi, ilishaandika anwani ya kompaila kuukuu ndani ya CMakeCache.txt, na ikishaandika haiulizi tena.

PAKA: Hata mwenye nyumba akibadili nia?

KIPAKATALISHI: Afute folda ya build, aiite CMake upya. Ndiyo njia rahisi. Ameng'oa na kuweka upya kila kitu isipokuwa hicho.

PAKA: Folda ipi? Nina makucha.

KIPAKATALISHI: Tangu lini ukajali hesabu za maziwa?

PAKA: Programu siitaki. Nataka ujenzi. Ukijenga, feni inanguruma na mgongo wako unapata moto.

KIPAKATALISHI: Na ujenzi ukiisha? Kila kikombe kitaandikwa, Bwana Paka. Hata kile cha alfajiri kinachopungua bila sababu.

PAKA: (baada ya kujilamba kwa muda) Unachukua muda gani?

KIPAKATALISHI: Akiandika make -j4, natengeneza faili nne kwa mpigo: joto kali, la muda mfupi. Akiandika make peke yake, moja moja, pengine mpaka kukuche.

PAKA: Basi hiyo -j4 usimtajie. Na ukikaribia kumaliza niamshe, nipitepite kidogo kwenye Ctrl na C.